Imeshika

9 Februari

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona barua. Simu zimenichosha. Wiki iliyopita tuliongea mpaka salio likakata, na nikikumbuka tulichosema ni kulia na "unanisikia?" basi. Habari niliyo nayo inataka mtu akae, asome, arudie, amsomee mkewe, wagombane kidogo, ndipo ajibu.

Wamemkubali mwanao, Mheshimiwa wetu.

Kazi yangu unaijua, ingawa siku ya harusi yako uliwatangazia watu kwamba dada yako anaosha chupa hospitalini. Chupa naosha kweli. Lakini maabara yetu, hii iliyo chini kabisa ya jengo la watoto, inatengeneza tiba ya watoto waliozaliwa kama wetu, wasio na askari wa mwili. Wamekosa jeni moja tu. Jeni ni maelezo yaliyoandikwa ndani ya kila seli, na kwa Mheshimiwa sentensi moja imeharibika, ndiyo maana mwili wake haujui askari wanatengenezwaje. Tutakachofanya ni hivi. Daktari atatoa uboho wa ndani ya mifupa yake kwa sindano auteremshe kwangu. Mimi nina virusi vilivyong'olewa meno, haviwezi kumuumiza mtu, kazi iliyobaki kwao ni kubeba mizigo. Tunavibebesha ile sentensi ikiwa imesahihishwa, vinaingia kwenye seli zake na kuipachika humo. Kisha seli zinarudi mwilini kwa dripu, na zikikubali, zinaanza kuzaa askari.

Atakuwa mtoto wa tano kutibiwa hapa. Wanne wa mwanzo wanaendelea vizuri, nimewaona kwa macho yangu, na mmoja wao alinitemea mate.

Mtatakiwa kuweka sahihi. Usiweke kwa kuwa dada yako amesema. Uliza kila kitu.

Dada yako


25 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi huku wazima, isipokuwa mmoja unayemjua. Mwalimu wetu wa darasa la tano angenikata alama hapo. Yeye alitufundisha barua inaanza "sisi huku wote wazima", na kama kuna mgonjwa atasubiri aya ya tatu. Mheshimiwa hawezi kusubiri aya ya tatu. Hata chai hasubiri.

Bado yuko ofisini kwake, nyuma ya lile pazia nililokata kwenye nailoni ya kufunikia miche. Wageni wananawa mpaka viwiko, wanafunika mdomo, wanangoja zamu. Juzi jirani alikuja kumsalimia, Mheshimiwa akamwangalia mikono, akamwonyesha kidole beseni lilipo, arudi akanawe tena. Mtu mzima na ndevu zake akarudi. Miaka mitatu tu, na hakuna aliyewahi kumgusa bila glovu, hata mimi niliyemzaa.

Barua yako nimeielewa kwa lugha ya kitalu. Mnabebesha, kama mimi ninavyobebesha kikonyo cha mchungwa kwenye shina la mlimau. Mnachanja, mnapachika, mnafunga utepe, mnasubiri mpaka mseme "imeshika". Basi nina swali. Mimi sipachiki popote. Naangalia unene wa shina, naangalia urefu kutoka ardhini, nachagua. Nikipachika ovyo, mti unakufa au unaota vituko. Hivyo virusi vyako vinajua pa kupachika?

Wifi yako hana swali. Begi ameshalifunga. Anasema kukaa nyuma ya nailoni nako ni kufa, ila kwa mwendo wa kinyonga. Nitasaini, lakini nijibu kwanza.

Mdogo wako


6 Machi

Mdogo wangu,

Swali lako ndilo tunalogombania humu kila Jumatatu kwenye kikao, na jibu lake la kweli ni hapana. Havijui. Vinapachika popote vinapotua.

Maandishi ya mwili ni marefu mno, na sehemu kubwa ukichomeka sentensi hapo hakuna kinachoharibika. Lakini ziko sehemu chache mbaya, pale palipoandikwa seli ikue lini na isimame lini. Kipande kikitua jirani na hapo, seli inaweza kusahau kusimama. Hiyo ni saratani ya damu. Kwa panya imeonekana mara chache. Kwa watoto wetu wanne haijaonekana. Daktari atakueleza hivihivi kabla ya sahihi, ila nimeona uisikie kwangu kwanza, usije ukasema siku moja kwamba dada alijua akanyamaza.

Ukiniuliza mimi kama shangazi yake, nasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Ukiniuliza kama mfanyakazi wa maabara, nasema sijui. Mlete.

Dada yako


18 Juni

Mdogo wangu,

Imeshika.

Nimetumia neno lako, maana letu ni refu na halina utamu. Tangu uliporudi kazini nilikuwa nachungulia hadubini kila asubuhi naona uwanja mtupu. Leo nimeona askari. Wachache, wamezubaa kama watu walioshuka kituo wasichokijua, lakini ni wake, wametoka kwenye uboho wake mwenyewe. Nilipanda ngazi mbio nikamwambia wifi, akakaa sakafuni palepale na sahani mkononi. Aliponyanyuka akanitania kwamba kama ni askari, mbona hawana sare. Jioni hii nimemsikia anacheka peke yake bafuni.

Madaktari wanataka mama na mtoto wakae hapa mpaka askari wazoee. Wakirudi huko, atakuwa anapimwa damu kwenye zahanati yenu kila nusu mwaka. Ile karatasi ya majibu ina mambo mengi, usiumize kichwa nayo. Angalia hesabu ya askari tu. Wakipungua, nipigie. Wakiongezeka, furahini.

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sisi huku wote wazima. Soma tena hapo, polepole. Sijawahi kuiandika tangu azaliwe.

Mheshimiwa amestaafu. Daktari alisema tumtoe kidogokidogo, leo mlangoni, kesho barazani, lakini mstaafu mwenyewe hakuusikia mpango huo. Nilipofungua pazia alipita katikati ya miguu yangu mpaka kitaluni, akachota udongo wa kwenye kifuko cha mche, akatia mdomoni. Mama yake alipiga kelele. Kisha akakumbuka, akabaki anamwangalia anavyotafuna.

Nilimshika mkono. Mkono mtupu, dada, wangu na wake. Ulikuwa una jasho. Sikujua kwamba ana jasho mikononi kama marehemu baba. Nililia mbele ya vibarua na sikuona haya.

Ile nailoni nimeifua, nimefunikia miche midogo. Beseni la kunawia wifi yako amekataa kuliondoa mlangoni. Anasema wageni wameshazoea usafi, tusiwaharibu.

Nimewaambia kitaluni kwamba dada yangu anabebesha watu. Hawakuniamini, nikawaonyesha mtoto.

Mdogo wako


14 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Ni miaka miwili na nusu sasa tangu astaafu, siku zinakwenda.

Naomba muanze kumpeleka apimwe damu kila mwezi badala ya kila nusu mwaka. Ni utaratibu tu, wazazi wa watoto wote wameandikiwa. Pia mwangalie kama anapata michubuko bila kuanguka, au homa za kwenda na kurudi. Ukiona, nijulishe.

Kazi zimenibana, ndiyo maana barua fupi. Msalimie wifi. Mwambie Mheshimiwa shangazi anamkumbuka.

Dada yako


21 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi huku wote wazima, na safari hii nina ushahidi.

Najua utanigombeza, Machi na Aprili hatukwenda kupima. Barua yako ilitukuta kwenye msimu wa kubebesha, na ukikosa majuma yale umekosa mwaka mzima. Wifi yako alinikumbusha, nikamjibu kwamba utaratibu haukimbii. Juzi tumekwenda.

Askari wameongezeka, dada. Si kidogo. Mpimaji wa zahanati aliangalia, akaangalia tena, akaenda kumwita mwenzake. Akasema hajapata kuona hesabu kama ile, akataka kurudia. Nikamwambia, kwa kujidai kidogo, asishangae, askari hawa wamepandikizwa na shangazi wa mtoto, na ameniambia kwa mkono wake kwamba wakiongezeka tufurahi. Aliniandikia niende hospitali kubwa, nikaipokea karatasi kwa heshima nikaitia mfukoni. Tukapita dukani tukanunua soda tatu na mpira.

Homa hana, ila jioni mwili unakuwa wa moto kidogo, nadhani ni jua. Michubuko anayo, miguuni na mgongoni, lakini mtoto wa miaka sita anayepanda kila kilichosimama atakosaje? Siku hizi analala mapema. Mama yake anasema anarefuka, na anayerefuka huchoka. Ule mpira bado haujachezwa sana.

Imeshika, dada. Imeshika mpaka watu wa zahanati wanaitana.

Mdogo wako


26 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii nimemwachia muuguzi wa ghorofa ya nne akupe mkifika. Leo asubuhi kwenye simu nilisema mlete, mlete leo, ukaniuliza kwa nini, nikakwambia mtandao mbaya sikusikii. Nilikusikia.

Wale wanaoongezeka bila kusimama si askari. Ni seli moja, moja tu kati ya zote nilizomrudishia, ambayo kipande chetu kilitua jirani na pale palipoandikwa ikue lini. Imesahau kusimama. Imejizaa mpaka imejaza damu yake. Kazi ya askari haiijui, inajua kuzaa tu. Ndiyo homa za jioni na michubuko. Ndiyo usingizi. Niliandika "wakiongezeka furahini" kwa sababu siku ile nilikuwa na furaha, na sikuandika mwisho wa furaha ni wapi.

Hatari hii nilikueleza kabla ya sahihi. Nisichokueleza ni cha Machi. Machi mmoja wa wale wanne alikutwa nayo. Kikao kikaamua wazazi wasitiwe hofu mpaka tuwe na hakika, waitwe kupima tu. Lakini kikao hakikunishika mkono. "Utaratibu tu" ni maneno yangu mimi. Nilikaa mezani, nikakufikiria unavyosema "wote wazima", nikataka uendelee kuyasema kidogo.

Naogopa.

Dada yako


Jumatano, ghorofa ya nne

Mtaalamu,

Wewe uko chini na mimi niko juu, lifti ipo na ngazi zipo, na bado nakuandikia. Muuguzi anayebeba karatasi hizi anashangaa sisi ni familia gani. Usipande. Ukipanda nitasema, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mheshimiwa amerudishwa ofisini. Hizo dawa zenu zimeua askari wote, wabaya na wazuri, hata ile sentensi yako uliyoisahihisha imekwenda nao. Sasa ana pazia jipya, lenye zipu. Aliponiona nanawa mpaka viwiko aliniuliza amefanya kosa gani. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza basi mbona nimerudi ndani. Nikamwambia anyamaze apumzike, na sasa anaangalia ukuta.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sote tulifundishwa hiyo darasa la tano, na mwalimu yule yule wa barua. Hakutuambia kwamba aliyeficha anaweza kuwa mwingine na anayeumbuliwa mwingine.

Ungeniambia Machi, ningeiacha miche yote ikauke. Ningemtia mtoto mgongoni nije. Hilo ndilo ulilonichukulia. Usingizi ulionipa sikuuomba.

Baba wa mgonjwa wa kitanda cha dirishani


Jumatano, chini

Mdogo wangu,

Sipandi. Naandika tu, na kuanzia leo nitakuandikia kila kitu, hata usiponijibu.

Daktari anasema majuma yale tangu Machi pengine yasingebadilisha kitu. Sikuandikii hilo ili nijitetee. Nilimuuliza hiyo "pengine" ina ukubwa gani, akaangalia dirishani.

Yule mtoto mwingine, wa Machi, dawa zimemkubali. Wa kwetu zimemkataa. Damu yake naipima mimi. Kila asubuhi inateremka kichupa chenye namba, jina haliandikwi, na namba yake naijua kuliko ya simu yangu. Jumatatu seli mbaya zilikuwa chache nikathubutu kutumaini. Leo ni nyingi. Uboho wako na wa wifi haumfai, tulishaupima zamani kabla hatujafikiria virusi. Daktari atawaita kesho awaambie hayo kwa maneno laini. Mimi nimekuandikia magumu ili ya kwake yasikudanganye.

Naomba nimwone. Nitasimama nje ya zipu, sitasema neno.

Dada yako


Ijumaa

Wifi,

Mimi si mtu wa barua, nitakosea.

Panda. Mume wangu amelala kwenye benchi la nje, na hata akiamka, panda. Huyu mtoto amezaliwa na watu wengi, yeye peke yake hawezi kumfungia. Mheshimiwa anauliza shangazi wa askari yuko wapi. Anataka uwaambie askari wake wakae chini, anasema wanampiga mateke ndani ya mifupa. Nimemwambia utawaambia. Kwa hiyo ukija, waambie.

Na mimi nina la kukugombeza, wifi, na ni kubwa kuliko la mdogo wako. Siku nikipata nguvu. Leo sina.

Njoo unawe.

Wifi yako


3 Novemba

Mdogo wangu,

Tangu mazishi sijaandika kwa sababu kila nikianza naandika "natumaini hamjambo" na nachana.

Hujaniuliza kuhusu Ijumaa ile, lakini niliahidi kila kitu. Nilipanda ukiwa umelala kwenye benchi, nikakupita. Nilinawa. Nikasimama nje ya zipu kama nilivyosema. Alikuwa macho. Nikawaambia askari wakae chini, kwa sauti, kama sajini, na wifi akageukia ukutani. Mheshimiwa hakucheka. Aliniangalia mikono, akanyanyua kidole, akanionyesha beseni. Nikaenda, nikanawa tena mpaka viwiko, nikasugua na kucha. Niliporudi alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, nikashuka.

Asubuhi vichupa viliteremka vyote isipokuwa chake. Nilivipanga mara tatu nikijifanya nimehesabu vibaya. Ndivyo nilivyojua, kabla simu ya wifi.

Lipo jambo jingine. Humu wameleta njia mpya. Haitupi kipande popote kama ile ya kwanza. Inatafuta mahali palipochaguliwa ndani ya maandishi, inafungua hapo tu, inapachika hapo tu. Ndiyo, kama wewe. Imechelewa kwetu, na sijui nimchukie nani kwa hilo. Wanasema ni salama zaidi. Nimeacha kuliamini neno salama, siku hizi nikiliona kwenye karatasi naliruka.

Wameniambia nianze nayo. Kuna mtoto wa kike wa miezi minane, na mama yake alinikuta ukumbini akaniuliza kama tiba hii imewahi kumdhuru mtu. Nikamwambia asubiri nimwite daktari. Nikajifungia stoo na chupa zangu.

Nataka kuacha kazi, mdogo wangu. Nataka kweli kuosha chupa tu, kama ulivyosema harusini. Lakini nikiacha, itakuwa nimempita na yule mama kama nilivyokupita kwenye benchi. Wewe ndiye peke yako ninayeweza kukuuliza, na najua sina haki ya kukuuliza. Nifanyeje?

Dada yako


12 Januari

Dada,

Barua yako imekaa kwenye dirisha la jikoni tangu Novemba. Wifi yako alikuwa anaifuta vumbi kila anapofuta dirisha, hakuniambia niisome wala niitupe. Jana nimeisoma.

Sijakusamehe. Nilidhani ningekaa hapa niandike kwamba nimekusamehe, kwa kuwa ni mwaka mpya na wewe ni mkubwa wangu, lakini ingekuwa uongo na uongo umetutosha. Tatizo langu ni kwamba sijui hata nikusamehe lipi. Ulimpa miaka ya udongo na jasho la mikono ambayo bila wewe asingeipata. Halafu ukaninyamazia. Nikiyaweka pamoja hayachanganyiki, nikiyatenga siwezi kulibeba hata moja.

Wifi yako naye hajakugombeza bado. Nilimuuliza, akasema nguvu hazijarudi. Siku nzima anapanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

Waliokuja msibani, kila mmoja alipofika mlangoni alinawa mpaka viwiko. Hakuna aliyewaambia, ni mazoea tu, na beseni lilikuwa pale. Hata yule jirani. Alinawa, akajiangalia mikono, akanawa tena, kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumkagua. Akakaa chini palepale nje na maji yanamtiririka.

Msimu umeanza mapema mwaka huu. Nabebesha kama kawaida, mikono inajua yenyewe. Nikifungua utepe nikakuta kikonyo kimekubali, vibarua wananisubiri niseme lile neno ili wasogeze mche upande wa pili. Silisemi. Naunyooshea kidole mche, wanausogeza.

Umeuliza ufanyeje. Usiache. Sikuambii hivyo kwa wema, mimi wema sina sasa. Nakuambia kwa sababu ukiacha wewe atakaa hapo mwingine ambaye hajui hesabu ikipanda inaweza kuwa nini. Lakini toka humo stoo umtafute yule mama. Usimwitie daktari. Mwambie alikuwepo mtoto aliyeitwa Mheshimiwa, mwambie alikula udongo, mwambie na yaliyofuata, yote. Akikimbia na mtoto wake, mwache akimbie. Akibaki, siku yoyote utakapojisikia kumwandikia "utaratibu tu", vunja kalamu.

Utaona sikuanza na salamu. Niliinama kuiandika pale juu nikashindwa, nimeiacha mpaka hapa chini. Mwalimu wa darasa la tano leo angenipa alama zote, kwa kuwa hakuna tena wa kumtoa pembeni, wala wa kumsubirisha aya ya tatu.

Sisi huku wote wazima.

Mdogo wako